Uso Uliotoka Kwenye Ubao

Jumamosi hiyo ya Machi, mwaka 2003, jumba la maonyesho ya picha jijini London lilifurika kama soko siku ya kuamkia sikukuu. Mvua iliwafukuza watu barabarani, na nusu yao hawakuwa na haja na picha. Walitafuta pa kukaushia makoti. Shaame Hamad alisimama kwenye kona ya chumba cha nne, suti ya kijivu, tai ya kazi, mikono nyuma, akiwazuia watu wasiguse. Ulikuwa mwaka wake wa saba katika kazi hiyo. Zilikuwapo siku alizotoka kwake mtaani Hayes na kurudi akiwa hajatamka kitu ila "please, don't touch".

Ndipo aliposikia sauti nyuma yake, mbele ya picha ya mtu mmoja, "Yesu wangu, huyu mutu iko na sura ya majani."

Aligeuka. Mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, gauni la kitenge cha manjano likichungulia chini ya koti la buluu, ameshika kiti cha magurudumu. Kitini amelala bibi wa Kizungu, mdomo wazi.

"Si majani, ni rangi ya kijani," Shaame akajibu. "Na amekusikia."

Mwanamke alicheka, mkono mdomoni. "Unasema Kiswahili?"

"Mie Mpemba. Hicho chako lakini sijui kimepita njia gani."

"Kimepita Uvira, Kongo. Na kimefika."

Jina lake lilikuwa Noëlla. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani. Bibi yule alikuwa Mjerumani aliyeikimbia Berlin akiwa msichana, serikali ya Hitler ilipoziteremsha picha za namna hii kutani na kuzifanyia kejeli mbele ya umma. Kila akipata nafuu alitaka kuja kuziona tena.

"Kwa nini wanachora watu hivi?" Noëlla akauliza.

Hakuna aliyewahi kumwuliza Shaame swali hilo. Wageni humwuliza choo kiko wapi. Akakohoa kidogo. "Walianza vijana wanne kule Dresden, mwaka 1905, wanafunzi wa usanifu wa majengo. Walichoka na picha za kupendeza tu. Wakasema usichore jicho linavyoona, chora moyo unavyopigwa. Mtu ana hofu? Basi ipake hofu yenyewe. Katika makumbusho ya mji wao wakakuta vinyago vilivyoletwa kutoka Afrika na visiwa vya mbali, vikawatia wazimu. Wakaanza kuchonga mbao, kuzipaka wino na kuzipiga chapa. Tazama ile."

Noëlla alikitazama kichwa cheusi kilichopigwa chapa kwenye karatasi. Kicheko kilimwishia usoni. "Babu yangu kule Fizi alikuwa anachonga hivi. Walijifunza kwetu?"

"Kwetu, na kwa wengine."

"Na hawakusema aksanti?"

"Mie nipo hapa kila siku. Wakisema, nitakupigia simu."

"Basi andika namba," akasema Noëlla.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mkate."

"Mukate si chakula, Shaame. Unaishi kama mutu anangojea treni."

Hakukosea sana. Mkewe Shaame, aliyemfuata kutoka Chake Chake, aliivumilia London miezi minane, akaomba talaka, akarudi kwao. Mama mzazi wa Shaame alifariki Wete mwaka 1999, naye akayafuata mazishi kwa simu. Hayo yote alimweleza Noëlla. Yeye Noëlla alisimulia kuhusu ziwa, kanisa, na kaka yake Aristide anayeishi Neasden, mtaa mmoja naye. Akifika mwaka 1996 katika masimulizi yake, alibadili mazungumzo.

Kile chumba cha nne kilimkaa Noëlla rohoni. Akajiandikisha darasa la jioni la kuchonga na kupiga chapa, na mwezi wa Juni akasema, "Nataka kuchonga wewe."

Jumapili sita, baada ya kanisa, Shaame alikaa jikoni kwa Noëlla karibu na dirisha. Noëlla alijifunga aproni juu ya gauni la kanisani, akamtazama, akachonga, akamtazama tena. Hakuna aliyewahi kumtazama Shaame kwa muda mrefu kiasi hicho. Alitoka pale kila mara akiwa mwepesi, akipanda basi bila kuona namba yake.

Jumapili ya sita Noëlla alipaka wino, akalaza karatasi juu ya ubao, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akaibandua.

Ulikuwa uso wa mwanamume mwenye ndevu fupi na kovu juu ya nyusi. Shaame hakuwa na ndevu, wala kovu.

"Huyu nani?"

Noëlla mwenyewe alikuwa ameduwaa. "Zéphyrin," akanong'ona.

"Zéphyrin ni nani?"

"Mume wangu."

Shaame akainuka. "Wiki sita nimekaa hapa kama kiti. Na hujawahi kunambia una mume."

"Shaame, ngoja."

Hakungoja. Simu yake ililia usiku ule, na kesho yake, na wiki nzima. Aliitazama tu. Kisha ikanyamaza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Oktoba. Maonyesho yalikuwa yamekwisha, picha zimeteremshwa, na Shaame alilinda chumba kitupu wakati mafundi wakipaka rangi. Jioni ya kwanza alifuturu peke yake katika chumba cha wafanyakazi, tende tatu na maji ya bomba. Akajaribu kumkumbuka mama yake alivyokuwa akimwekea uji wa futari. Kanga aliiona. Mkono aliuona. Sauti aliisikia. Uso haukuja. Alifumba macho, akamwita kimoyomoyo, na bado haukuja. Hakuwa na picha yake hata moja.

Tende ya tatu ilimshinda. Akatoka nje, akapiga simu.

"Haloo."

"Ni mie."

"Najua."

"Noëlla, uso wa Zéphyrin ulikuwa unakupotea?"

Bomba la maji lilifungwa upande wa pili.

"Walimuua mwaka 1996, vita ilipoingia Uvira," Noëlla akasema. "Nyumba iliungua, hata picha moja sikubakia nayo. Kila mwaka sura yake inaenda kidogo. Halafu nikakukalisha pale dirishani, mukono ikamuleta. Nilitaka wewe, Shaame. Nilitaka wewe."

"Mbona akaja yeye na mie nipo mbele yako?"

"Sababu tangu afe, hakuna mutu mwingine niliangalia wakati murefu namna ile."

Shaame alipanda basi la Neasden na nguo zake za kazi. Noëlla alifungua mlango, kitenge kimefungwa kifuani, macho yamevimba. Ile karatasi alikuwa ameificha kabatini. Shaame akaiomba, akaitazama pale mezani bila haraka.

"Alikuwa na sura nzuri."

"Alikuwa na kelele," Noëlla akasema, na machozi yakamtoka.

"Nataka nikuoe. Kwangu ni chumba kimoja na kuta nne tupu. Na yeye umlete, tumpe ukuta mmoja."

"Unasema hivyo kwa huruma?"

"Kwa sababu nimechoka kula peke yangu. Na kwa sababu nakupenda. Hilo ningelitanguliza, nimebabaika."

"Na dini?"

"Wee kanisani kwako, mie msikitini kwangu."

"Na usiku nikiita jina yake?"

"Nitakuamsha."

Noëlla alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Kesho natoka kazi mapema," akasema. "Saa kumi ukuje, twende kwa Aristide. Ni yeye utaomba ruhusa ya kunioa, si miye. Jua likizama watakupa chakula. Mule ndani iko watu kumi na moja, Shaame. Mutakula pamoja."