Maua ya Maboga Yaliyokosa Wageni

Kila asubuhi kabla ya shule, Mapalo, msichana wa miaka kumi na miwili, alichuma kibwabwa, yaani majani ya maboga, pamoja na mama yake, Mama Albertine, katika shamba lao dogo kule Annexe, pembezoni mwa jiji. Majani waliyauza sokoni. Maboga yenyewe yalikuwa chakula chao mvua zikiisha.

Mwaka huu mimea ilitambaa hadi njiani na kujaa maua, lakini vijiboga vilivyotokea chini ya maua vilioza vikiwa vidogo kama kidole gumba. Mama Albertine akamwita jirani yake, Mama Kasonde.

"Mbegu ulinipa iko mubaya," alimwambia kwa uchungu. "Kesho nang'oa yote."

Mama Kasonde aliinama juu ya ua moja, akatega sikio.

"Shamba iko kimya," alisema. "Nyuki zilienda wapi?"

"Mi sijui," alijibu Mama Albertine.

Mapalo aliijua siri hiyo. Wiki mbili nyuma nyuki alimuuma mdomoni. Kwa hasira akawasha kipande cha tairi kwenye tundu la kichuguu walimoishi. Nyuki wengi walikufa, waliobaki wakatoroka. Mama alipouliza kuhusu moshi, alikana. Sasa aliona marafiki wawili wakikosana kwa sababu yake.

"Ni miye," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilizichoma na moto."

Mama Albertine aliinamisha kichwa kwa aibu. "Unisamehe, dada yangu," alimwambia jirani.

"Yaishe. Kesho jua likichomoza, mutoto anifuate."

Alfajiri maua yalikuwa yamefunguka, yana umande. Mama Kasonde alichuma ua la kiume, lenye kikonyo chembamba, akaondoa petali zake. Unga wa manjano ukamshika vidoleni. Akaupaka taratibu ndani ya ua la kike, lenye kijiboga chini yake.

"Sasa wewe ndiye nyuki," alisema.

Mapalo alihudumia maua kumi na mawili tu kabla jua halijawa kali, na mgongo ulimuuma. Siku ya tano alipiga magoti, asiamini macho yake: kijiboga kimoja kilikuwa kimevimba, kijani kibichi, kikubwa kama ngumi. Unga kidogo tu, tena mwepesi kuliko vumbi, ulikuwa umefanya hivyo!

"Na nyuki walifanya shamba zima kila siku?" alinong'ona.

"Shamba lenu, langu, mpaka porini," alisema Mama Kasonde. "Nyuki hakuja kukusaidia, mwanangu. Alitafuta chakula chake. Ua nalo lilitafuta uzao wake. Hakuna aliyemjua mwenzake, lakini kwa kupeana wote wanaishi, na sisi tunakula. Ukimuua mmoja, unawanyima wengi. Na kama ungenyamaza tena, leo hapa pangekuwa udongo mtupu."