Pale Aliposimama Elina

Kwa kulima pamba, Masunga alikuwa fundi. Hata waliomchukia pale kijijini, nje kidogo ya Bariadi, walikubali. Shamba lake halikuwa na magugu na mistari yake ilinyooka. Ila alikuwa na kasoro moja kubwa: jambo lisilomuuma yeye, aliona halimuumi mtu.

Mke wake wa kwanza aliitwa Elina, binti wa Malampaka. Alikuwa mpole wa maneno na mgumu wa kazi. Asubuhi alikamua ng'ombe, akafagia, akapika uji, kisha akashika jembe. Msimu wa kupiga dawa pamba ulipofika, kazi yake ilikuwa maji. Masunga alibeba bomba la dawa mgongoni. Elina alichota maji lamboni, akayapeleka mwisho wa shamba, akasimama na ndoo kumngoja mumewe, ili bomba likiisha lijazwe palepale. Kila nyumba ilifanya hivyo. Mume bomba, mke ndoo.

Masunga alikuwa na ujanja wake. Alianzia upande unaotoka upepo, ili upepo umpige mgongoni na dawa iende mbele. Kilabuni alijisifu kwamba dawa haimgusi. Na kweli haikumgusa, ilikwenda mbele. Na huko mbele alisimama nani? Masunga hakujiuliza.

Ilikuwa miaka ile ushirika umelegea, na biashara ya pamba imefunguliwa kwa kila mwenye gari na mizani. Zamani dawa ililetwa pamoja na mtu wa kuieleza. Sasa ilinunuliwa dukani kama chumvi, na mwenye duka naye hakujua kitu. Maelezo ya kwenye chupa yalikuwa ya Kiingereza, tena kwa herufi ndogo. Nani angeyasoma?

Elina akapata mimba. Msimu wa dawa ulipoanza, kichwa kikamuuma, macho yakamtoka machozi, akawa anatapika. Akamwambia mumewe kwamba pale anaposimama dawa inamkaba. Akaomba asimame upande mwingine. Masunga akajibu kwamba upande mwingine ni mbali, na bomba ni zito. Yeye aliyelibeba halalamiki, sembuse mtu aliyesimama tu! Mimba ikatoka. Mwaka uliofuata Elina akapata mimba nyingine. Akaomba tena, akajibiwa vilevile. Hiyo nayo ikatoka, msimu uleule wa dawa.

Mama yake Masunga, bibi Nyamizi, akaanza kusema kwamba mwanamke huyu ana mkosi. Maneno ya bibi yakafika lamboni, yakafika mnadani. Masunga hakuyazima. Akamrudisha Elina kwao Malampaka, ng'ombe wa mahari wakarudi Bariadi, na watu wakasema ni haki. Haki gani? Mtu ameomba asogezwe kidogo tu, naye akafukuzwa kabisa.

Siku ya kuondoka, Elina hakulia. Alifunga kitambaa chake kichwani, akamtazama mumewe.

"Hujawahi kusimama pale, Masunga. Hata siku moja."

Masunga akaona huo ni ukaidi wa mwanamke aliyeshindwa.

Kwa ng'ombe walewale akamwoa Kabula. Kabula naye akapata mimba, na msimu wa dawa ulipofika akakabidhiwa ndoo ileile. Wiki haikuisha: kichwa, macho, kutapika. Halafu damu ikaanza kumtoka. Safari hii Masunga aliogopa kwelikweli. Mkosi gani huu unaomwacha mwanamke mmoja na kumwingia mwingine? Akampakia Kabula kwenye baiskeli, akamkimbiza zahanati. Muuguzi akamlaza. Aliposikia nguo za mgonjwa zinanuka dawa ya pamba, akauliza maswali mengi, kisha akamwita Selestini, bwana shamba wa kata.

Kesho yake Selestini alifika kwa Masunga na bomba jipya, lisilowahi kutiwa dawa. Wakasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mhola, kisha wakaenda shambani. Selestini akajaza bomba maji matupu. Akauliza Kabula husimama wapi. Masunga akaonyesha kwa mkono.

"Usinionyeshe," Selestini akasema. "Chukua ndoo, nenda ukasimame."

Masunga akaenda, akasimama. Selestini akaanza upande unaotoka upepo, akapiga maji kama Masunga anavyopiga dawa. Alikuwa bado hajafika karibu, Masunga akasikia ubaridi usoni. Akajipangusa. Ubaridi ukaja tena. Maji yakamwingia machoni, yakamwingia mdomoni, shati likalowa. Akageuza kichwa, yakampata shingoni. Alitaka kukimbia, lakini ndoo ilikuwa mkononi na bomba lilikuwa linakuja. Selestini alipomfikia, alimkuta amechutama.

"Elina alikuwa anasimama hapa," Masunga akasema.

"Siwezi kuapa kwamba dawa ndiyo iliyozitoa mimba zake. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Lakini hii dawa ni sumu, Masunga, na mwenye mimba hatakiwi kuwa karibu nayo. Elina mwenyewe alikwambia kwamba inamdhuru?"

"Aliniambia."

Selestini hakumlaumu. Alimfundisha. Maji yawekwe upande unaotoka upepo, hata kama ni mbali, na asisimame mtu kule dawa inakoelekea. Mwenye mimba na watoto wasikanyage shambani siku ya dawa. Ndoo ya dawa isirudi jikoni. Mpiga dawa afunike pua na mdomo, na akimaliza aoge kwa sabuni. Nguo zake azifue mwenyewe, mbali na za wengine. Na asiyeweza kusoma maelezo ya chupa amtafute anayeweza, kabla hajaifungua.

Masunga akafanya hivyo. Akabeba maji mwenyewe, watu wakamcheka kwamba ameolewa na Kabula. Akawaacha wacheke. Damu ya Kabula ilikatika, mimba ikakaa, akajifungua mtoto wa kike mwenye afya. Bibi Nyamizi akambeba mjukuu wake, akafurahi, akasema mkosi umeondoka na mwenyewe.

"Mama, mkosi ulikuwa bomba langu," Masunga akasema.

Baada ya kuuza pamba, Masunga alikwenda Malampaka. Alimkuta Elina kisimani, amesimama pembeni peke yake, akingoja wanawake wengine wamalize kuchota. Alikuwa amekonda. Walisalimiana, lakini Elina hakumpigia goti. Masunga akamweleza yote: damu ya Kabula, maji ya Selestini, mtoto aliyezaliwa. Elina alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi unaniambia nini?" akasema. "Mimi nilijua."

"Sasa nifanye nini, Elina?"

"Hapa mimi huchota wa mwisho. Wanasema nikitangulia, mkosi wangu utaingia majini. Njoo usimame hapa ninaposimama, uwaambie wao."

Masunga akasogea, akasimama kando yake. Wanawake wakageuka kumtazama. Aliyaona macho yao, na mmoja akavuta ndoo yake asije akaigusa. Akawaambia kwamba Elina hana mkosi. Alipulizwa sumu akiwa na mimba, na aliyempulizia ni yeye mumewe. Aliomba asogezwe, mara mbili, naye akakataa, kisha akamwacha abebe jina baya.

Bibi mmoja akaondoa ndoo yake mdomoni mwa kisima, akaacha nafasi.

Elina akapita, akachota, akajitwika. Alipita mbele ya Masunga bila kumtazama, akashika njia ya kwa kaka yake, alikokuwa akiishi. Hakumshukuru. Kwa nini amshukuru?