Freni Inalia Mara Mbili

Kofia ilianguka kutoka juu, ikatua katikati ya karanga za Laurentine.

Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, mwaka wa hamsini na nne, nje ya ua wa uwanja wa michezo wa Wazungu, hapo Élisabethville. Nani atanirudishia Jumapili za namna ile? Watu wametoka misa na viatu vinang'aa, baiskeli zinapiga kengele, akina mama wamepanga mabeseni yao ya mikate na karanga kando ya ua. Na juu ya vichwa vyao, gari la milima linapita kwa kishindo: mabehewa manne juu ya reli iliyobebwa na nguzo za mbao. Lilipanda polepole likilalamika, likifika kileleni linajitupa chini, na watoto wa Kizungu wanapiga kelele utafikiri wanachinjwa.

Siku hiyo Laurentine alivaa kikwembe kipya cha njano chenye ndege wa buluu, na kitambaa cha kichwa alichokifunga mara tatu kabla ya kuridhika. Sasa kofia ya mtu, yenye jasho la mtu, imelala ndani ya bidhaa yake.

"Eh, Mama Maria! Nani huyu anatupa kichwa yake?"

Léonie, rafiki yake aliyeuza mikate pembeni, alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwenye kofia alikuja baada ya nusu saa, mbio, kijana mrefu mwenye sare ya kaki na vifungo vya shaba. Alipofika mbele ya beseni mbio zikamwisha.

"Mama, aksanti kwa kunichungia kofia."

"Mama yako iko kwenu. Miye niko Laurentine. Sasa karanga zangu ziko na jasho yako, nani atakula?"

"Miye nitakula zote."

"Utakula zote, na utaendesha namna gani ile mashini na tumbo munene?"

"Siendeshake," kijana akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Inajiendeshaka. Miye nasimamishaka. Casimir Mwaba, bwana ya freni."

Akanunua makopo matatu ya karanga, akazila amesimama palepale, moja moja, ili zisiishe upesi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Leo vijana wana simu mifukoni, wanaitana mchana kutwa na bado hawaelewani. Laurentine aliitwa na freni, breki ya gari lile. Casimir alikaa nyuma kabisa ya behewa la mwisho, kwenye kiti chake cha peke yake, ameshika mpini wa chuma. Gari lilipofika kwenye kona iliyo juu ya akina mama wa karanga, aligusa freni kidogo tu, mara mbili. Krii-krii! Abiria walidhani mashine inazeeka. Wale mama wa chini walijua.

"Bibi ya freni, unaitwa!" Léonie alipaza sauti. "Itika basi!"

Na Laurentine, kwa haya, alipandisha kikwembe begani, na huko ndiko kuitika kwake.

Jioni Casimir alimsindikiza hadi karibu na kwao Kamalondo, iliyoitwa Albert siku hizo, akisukuma baiskeli badala ya kuipanda ili njia irefuke.

"Kule juu, mutu anaonaka nini?" Laurentine aliuliza.

"Anaona muji yote. Moshi ya kiwanda, kanisa, mpaka miti ya Kasungami kwetu. Halafu tumbo inapanda kwa shingo."

"Siku moja unipandishe."

Casimir akasimamisha baiskeli. "Beusi habapandake, roho yangu. Njo sheria yabo."

"Na weye? Weye uko muzungu?"

"Miye niko freni tu."

Alisema kwa utani, lakini Laurentine aliona macho yake, na moyo ukamuuma. Tangu siku ile alimpenda kwelikweli, bila kujificha tena.

Kikwazo kilikuwa Tata Donat, baba yake, mtu wa Kongolo, msimamizi wa njia ya reli. Kila alfajiri alitembea juu ya njia na nyundo yake, akigonga reli na mbao zilizo chini yake, kusikiliza kama ni nzima.

"Bantu ba Kasungami beko na mihogo mingi," alisema, "lakini mutoto yangu hataolewa na mihogo. Na huyu kijana, iko na kazi ya kukaa?"

"Iko nayo, tata. Miaka sita kwa freni."

"Basi akuye siku ya Asompsyo, sikukuu ya Mama Maria. Nimuone."

Casimir alipopewa habari hiyo, freni ililia mara nne kwa furaha, na mama mmoja wa Kizungu akaangusha mwavuli.

Kisha ikaja Jumapili ya pili ya Agosti. Upepo ulikuwa mkavu, vumbi jekundu lilikuwa kila mahali. Gari likapita juu ya kona. Kimya. Laurentine akafikiri Casimir amesahau. Likapita tena, kimya. Mara ya tatu alisimama kabisa, mkono juu ya macho, akamwona Casimir vizuri. Hakumwangalia yeye. Alikuwa akiangalia chini ya reli, uso umekunjamana kama wa mtu asiyemjua.

Siku ya Asompsyo Tata Donat alivaa koti lake la misa kuanzia saa sita mchana. Bia zilikuwa ndani ya maji baridi, kuku ameiva. Saa nane ikapita, saa tisa, saa kumi. Majirani waliokuja kuchungulia wakarudi kwao wakinong'ona. Casimir hakutokea. Baba alivua koti, akalikunja polepole, na hilo lilimuumiza Laurentine kuliko kama angepigiwa kelele.

"Mwanaume akinyamaza, iko na mwingine," Léonie alimwambia. "Mwache, dada. Ufunge mulango ya roho."

Siku tatu Laurentine alijaribu kuufunga. Siku ya nne alifunga kitambaa kichwani mara moja tu, vibaya, akaenda mwenyewe uwanjani.

Hakukuwa na kelele za watoto. Lango lilikuwa wazi, wanaume wakibomoa gari la milima ubao kwa ubao. Casimir alikuwa miongoni mwao, bila sare, nyundo mkononi. Alipomwona aliiacha nyundo ianguke.

"Laurentine..."

"Usiite jina yangu! Tata alivaa koti, Casimir! Na lile jua! Jasho ikamaliza kola yake, na weye uko wapi? Kama umepata mwingine, sema hapa, mbele ya hawa bantu bote."

"Mwingine? Miye?" Alimshika mkono bila ruhusa, akamvuta hadi kwenye nguzo ya kona. "Weka vidole. Weka!"

Nguzo ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, nzuri kwa macho. Laurentine alisukuma kidogo tu, vidole vikazama. Ndani hamkuwa na mbao, mlikuwa na udongo wa mchwa.

"Kila asubui napigaka nguzo zote na nyundo," Casimir alisema. "Zote zinaliaka nga! Hii ikalia pu. Nikamuambia patron, mwenye mashini, akakataa kuisimamisha. Akasema nisifunge tu freni kwa hii kona, sababu freni inatikisa mbao. Ile Jumapili uliona nilinyamaza, Laurentine, kama ningekuita, hii yote ingekuangukia. Weye, na Léonie, na bale batoto kule juu."

Laurentine aliangalia juu, kisha chini, mahali ambapo beseni lake lilikaa kila Jumapili.

"Nikamuambia patron tena mbele ya enjenia," akaendelea. "Enjenia akapiga, akasikia. Bakafunga. Sasa bataleta ingine ya chuma, kutoka Bulaya. Inajisimamisha yenyewe. Freni hapana, Casimir hapana. Ningeingia kwa tata yako na nini? Nilisema niko na kazi. Nilisikia haya, mupenzi. Haya tu."

Laurentine alilia pale, hasira na furaha pamoja, asijue aanze na ipi. Akampiga kifuani kwa ngumi ndogo.

"Mujinga weye! Dimanche saa kumi, kwetu. Ukikosa, usiniangalie tena, hata kanisani."

Jumapili saa kumi kasoro robo, Casimir aliingia mtaani akisukuma mkokoteni, na nusu nzima ya watoto wa Kamalondo nyuma yake. Juu ya mkokoteni kulikuwa na benchi la behewa la mwisho, la watu wawili, na chuma chake cha kushikilia mbele. Patron alimwuliza anataka nini cha kuagana, akachagua hilo. Kwapani alibeba kipande cha ile nguzo.

Tata Donat, ndani ya koti lake, alikuwa amekwisha kuambiwa yote na Laurentine; alichukua kipande. Akatoa nyundo yake ya reli, akagonga. Pu.

"Ulimuambia patron weye mwenyewe?"

"Miye mwenyewe, tata."

"Na ulijua kazi itakwisha?"

"Nilijua."

Mzee aligonga mbao tena. "Miaka makumi mbili na mbili natembeaka na nyundo. Nimeona bantu banasikia mubaya, banafunga kinywa juu ya posho yabo." Akaitupa ile mbao chini. "Kazi utapata. Kwa Katuba banajenga manyumba kila siku, banatafuta bantu banajua mbao. Miye naingia kuangalia bukari."

Mzee huyu hakuwahi kuangalia bukari, ugali wa kwao, maisha yake yote.

Gari la chuma lilikuja kweli kabla ya Noeli, lenye rangi nyekundu na mbio za ajabu. Wenye kuliona walilisifu. Lakini halikumwita mtu yeyote, na akina mama wa karanga walihamia mahali pengine. Lile benchi lilikaa Katuba, kwenye uwanja wa nyumba ambayo Casimir aliiezeka kwa mikono yake, mpaka mbao zikalainika kwa kukaliwa. Siku ile, hata hivyo, lilikuwa bado na vumbi la uwanja wa Wazungu.

"Panda," Casimir alisema.

Laurentine akakaa, kikwembe cha njano na ndege wake wa buluu, mikono juu ya chuma. Akasikia hatua za Casimir zikizunguka.

"Unaenda wapi?"

"Kwa nafasi yangu. Freni inakaaka nyuma."

"Nafasi yako iko hapa," akasema, akisogea.

Casimir akakaa kando yake, polepole, kama mtu anayeingia nyumba isiyo yake. Miaka sita alikuwa amepanda gari lile, na hakuwahi kukaa kwenye kiti hicho.

"Laurentine. Utakubali nikuoe? Bila sare, bila freni, na mihogo ya Kasungami tu?"

Laurentine hakusema ndiyo. Alibana midomo, akalia kwa sauti nyembamba, mara mbili: "Krii-krii!"

Léonie akapiga kigelegele kutoka kwenye ua wa jirani, mahali asipokuwa na shughuli yoyote. Mlangoni Tata Donat akatoa kichwa.

"Mushuke sasa! Bukari inapoa!"

"Bado, tata," Laurentine akasema, mkono wake ndani ya mkono wa Casimir. "Hatuyafika."