Mafuta Kwenye Vyuma vya Bweni

Kengele ya asubuhi ilipolia, wasichana wa shule moja ya bweni huko Makindye waliamka, wakakunja magodoro yao na kuyasukuma ukutani ili meza zipate nafasi. Walikuwa wakilala katika ukumbi wa kulia. Bweni lao la zamani, lililojengwa juu ya udongo wa kujazia kwenye mteremko wa kilima, lilikuwa limepasuka ukuta kutoka dirishani hadi sakafuni, na ndani ya ufa huo mjusi mmoja alikuwa ameanzisha familia bila ruhusa ya mwalimu mkuu. Wasichana walihamishwa. Mjusi alibaki na bweni zima.

Kiranja wa usafi alikuwa Atoo, msichana wa darasa la sita. Atoo alikulia kambini, ambako baba yake, Sajenti Ocira, alitunza ghala la silaha. Katika nyumba yao mtoto alijua kupaka chuma mafuta kabla ya kujua kusoma. Jembe likitoka shambani, lilifutwa na kupakwa mafuta. Kufuli, bawaba, panga, vyote vilipata haki yao. "Chuma kikavu ni chuma kigonjwa," Sajenti alizoea kusema, na hakuna aliyewahi kumbishia, kwa sababu alikuwa sajenti.

Basi lori lilipoleta vyuma vya msingi wa bweni jipya, Atoo alivitazama akaumia moyoni. Vilikuwa virefu na vinene kama mkono wa mtu mzima, vyenye migongo midogo midogo mwili mzima. Na vyote, bila hata kimoja kuona haya, vilikuwa na kutu.

"Tazama aibu hii," alimwambia Bonny, mvulana aliyekaa naye dawati moja. "Bweni letu lisimame juu ya uchafu huu?"

"Afande, vyuma vyenyewe vinakwenda kuzikwa," Bonny akajibu. "Umewahi kuona maiti akikaguliwa viatu?"

"Shika kitambaa."

Bonny alishika kitambaa. Jumamosi hiyo, mafundi wakiwa mapumzikoni, wawili hao walibeba oili chafu ya jenereta wakavisugua vyuma vya juu ya lundo mpaka vikang'aa kama viatu vya gwaride. Atoo hakumwambia mtu. Alitaka mafundi washangae wenyewe. Lakini upepo ulivuma, vumbi jekundu la kilimani likanata juu ya mafuta, na kufikia Jumatatu vyuma vile havikutofautiana na ndugu zao. Atoo alisikitika sana. Kazi yote ile, na hakuna hata mmoja wa kumpigia saluti!

Jumatatu hiyo Madam Goretti, mwalimu wa sayansi, aliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kuona ujenzi. Walisimama nyuma ya kamba. Mbele yao shimo jembamba lilikuwa limetobolewa ardhini, na chuma kimoja kutoka juu ya lundo kilikuwa kimeshateremshwa ndani, kichwa tu kikichungulia nje. Kando yake alisimama Injinia Nangila, mwanamke Mkenya mwenye buti kubwa na sauti ya kuzishinda mashine.

"Nani ataniambia chuma hiki kitabebaje nyumba?"

Bonny alinyoosha mkono. "Kitasimama juu ya mwamba, Madam. Kama mguu wa meza."

"Jibu zuri sana. Si sahihi, lakini ni zuri." Watoto wakacheka, na Bonny akainamisha kichwa kama mtu aliyepokea nishani. Injinia akaendelea. "Huku juu ni udongo wa kujazia, umelegea. Ndio ulioliinamisha bweni la zamani upande mmoja. Sisi tumeutoboa udongo wote, tukaufikia mwamba, halafu tukaingia ndani ya mwamba wenyewe. Tukasafisha shimo, tukateremsha chuma. Sasa tutalijaza uji wa saruji kuanzia chini. Ukiganda, utakishika chuma kwa ndani, na utaushika mwamba kwa nje. Nyumba ikikisukuma chuma kishuke, saruji inakikatalia. Saruji nayo ikitaka kushuka, mwamba unaikatalia. Uzito unapokelewa ubavuni, kidogo kidogo, mpaka chini. Ncha haina kazi kubwa."

Nyuso za wanafunzi zilikuwa tupu kama sahani za saa kumi. Injinia Nangila alizisoma.

"Ninyi hula posho, ugali wenu ule, sivyo?"

Wanafunzi wakaguna kwa huzuni. Waliila kila siku ya Mungu.

"Mpishi akiusahau mwiko ndani ya sufuria mpaka posho ikauke, kisha akauvuta, nini hutokea?"

"Sufuria inakuja nao!" wakapiga kelele.

"Basi. Mwiko ni chuma, posho ni saruji, sufuria ni mwamba."

Atoo alifurahi hata akasahau kufunga mdomo. Alikitazama kilima kile, ambacho tangu dunia kuumbwa hakikuwa na kazi ila kupandwa na watu wanaohema. Leo kilikuwa kimeshikwa mkono, kikaambiwa: haya, beba wasichana. Hakuwahi kuona ujanja mkubwa kama huo. Mtu akiwa na akili, alifikiri, hata mlima humtumikia.

Kisha akamkumbuka mpishi. Kabla ya kusonga posho, mpishi huupaka mwiko mafuta, ili posho isigande. Furaha ya Atoo ikakatika ghafla.

"Madam," alisema kwa sauti nyembamba, "na mwiko ukipakwa mafuta?"

"Unachomoka," Injinia akajibu. "Ndiyo maana mafuta ni adui yetu hapa. Kutu kavu kidogo haituudhi, hata huisaidia saruji kushika kwa kuwa inakwaruza. Lakini juu ya mafuta, saruji hukifunika chuma tu kama koti. Haikishiki."

Fundi Guerschom, Mkongo aliyesimamia pampu, aliinua kidole gumba. Uji ulikuwa tayari. Wasichana wakaanza kushangilia, na Alum, jirani wa Atoo wa godoro, akacheza hapo hapo.

"Nyamaza," Bonny akamnong'oneza Atoo. "Kinazikwa ndani ya mwamba. Nani atafukua?"

Bonny alisema kweli, na hilo ndilo lililotisha. Mwamba ungeitunza siri yao kuliko rafiki yeyote. Atoo akisema, kazi ingesimama, wasichana wangeendelea kulala ukumbini, na beji ya kiranja ingeondoka kifuani. Akinyamaza, Alum na wale wadogo wa darasa la kwanza wangelala ghorofani juu ya mwiko uliopakwa mafuta.

Pampu ikaanza kunguruma.

"Simamisheni!" Atoo alipaza sauti, lakini hakuna aliyesikia. Akabaki palepale kwenye kamba, akainua mikono yote miwili juu, kama askari anayezuia gari kizuizini. Guerschom akamwona, akazima pampu.

"Mtoto, una nini wewe?"

"Chuma hicho kina mafuta," Atoo alisema. "Nilivipaka mimi Jumamosi. Vyote vya juu ya lundo. Nilidhani navitunza."

Wasichana wakalalama. "Banange, Atoo!" Alum alilia. "Na sisi tulale ukumbini mpaka lini?"

Bonny alikohoa. "Nami nilishika kitambaa," akasema, akiitazama miguu yake.

Injinia Nangila aliamuru chuma kivutwe, akakipangusa kwa leso nyeupe. Leso ikatoka nyeusi.

"Vumbi limenidanganya," alisema taratibu. "Nilipaswa kukipangusa kabla ya kukiteremsha. Hilo ni kosa langu, si lenu."

Uji ule haukuweza kusubiri, ukamwagwa kwenye njia ya matope ya kwenda jikoni. Mafundi walilisafisha shimo upya kwa maji, wakaviosha vyuma vyote kwa sabuni na maji ya moto, wakavisuuza na kuvisugua kwa brashi ya waya, kisha wakakiteremsha chuma tena na kumimina uji mpya. Atoo na Bonny walichota maji mpaka mabega yakawawaka moto. Hakuna msichana aliyewasemesha wakati wa chakula cha jioni, isipokuwa kuwaomba chumvi.

Siku nyingi baadaye, saruji ilipokuwa imekomaa, Injinia Nangila aliliita tena darasa la sita. Jeki kubwa ilikuwa imewekwa juu ya nguzo ile ya kwanza ya chuma na saruji, ikiikandamiza kwa uzito mkubwa kuliko ule ambao bweni lingeipa. Watoto walikitazama kichwa cha nguzo bila kupumua. Kilizama kiasi kidogo mno, kiasi ambacho ni kipimo cha Injinia tu kilichoweza kukiona, kisha kikatulia. Jeki ilipolegezwa, kikarudi karibu pale pale.

"Imeshika!" Guerschom akapiga kelele, na Alum akawa wa kwanza kumkumbatia Atoo.

Injinia Nangila aliwangoja watulie.

"Sikilizeni," alisema. "Atoo alifanya kazi kwa bidii kuliko wengi wenu, na bidii hiyo ilikaribia kutuangamiza, kwa sababu hakuuliza kwanza. Bidii isiyouliza ni hatari. Lakini kosa lake alilisema uji ukiwa bado uji, tukaliosha kwa maji na sabuni. Angengoja ugande, tungelitafuta kwa nyundo, na huenda tungelipata baada ya ukuta kupasuka. Mkikosea, semeni mapema."

Kisha akamgeukia Atoo na kumpa leso safi.

"Vyuma vingine vinateremshwa leo. Nenda ukavipanguse, na ukiona hata alama moja, niite."