Bibi Aliyefungiwa Stoo

Sogeeni karibu, lakini mlango msiufunge. Sababu mtaiona mbele.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya mabati ya Kenyatta Market, moshi wa nyama choma umetanda mpaka machoni, na Kamene ameketi saluni kwenye kiti cha Waithera, msusi wake, akimaliziwa rasta. Huyu Kamene ni karani wa ofisi ya serikali kule mjini. Hana mume, hana mtoto, na hajawahi kumwomba mtu maoni juu ya hilo. Alichokuwa nacho ni hadithi. Mchana anapiga mihuri, jioni anatunga. Anaandika kwa simu, anawatumia wanawake wa saluni, nao wanasoma huku wanasuka. Kuna mteja mmoja alitoka pale na mistari imeenda upande kwa sababu msusi alishtuka katikati ya kichwa. Mteja mwenyewe hakulalamika. Naye alikuwa anasoma.

Na huko kutunga kulikuwa na masharti, utadhani ni uganga. Lazima chai ya rangi isiyo na sukari. Lazima leso kuukuu ya nyanyake mabegani, hata kukiwa na joto la kukaanga yai. Lazima mahali pasipo na dirisha, kwa hiyo alikuwa akijifungia stoo, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na kabla hajaandika neno juu ya mtu yeyote, lazima amwite jina kwa sauti. Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Anaita tena. Mpaka mtu wake aitike kichwani, ndipo anaanza.

Hayo tungemsamehe. Lakini alikuwa na uvivu wake mmoja, na huo ndio uliomponza. Akikwama, akiwa hajui mtu wake amfanye nini, anamfungia chumbani. Anaandika kwamba komeo likafungwa kwa nje, halafu anakwenda zake kuanza hadithi nyingine. Alikuwa na bwana harusi aliyefungiwa, mchungaji aliyefungiwa, hata polisi. Wote wako gizani wanangoja siku Kamene atawakumbuka.

Waithera akamvuta rasta kidogo, kama mtu anayegonga hodi.

"Na yule bibi yako mchawi? Umemfungia kwa stoo tangu Pasaka. Si atakufa njaa?"

"Mchawi hafi njaa," Kamene akasema.

"Ndiyo nakuambia. Njaa ya mchawi unaijua wewe?"

Saluni nzima ikacheka. Kamene naye akacheka, na simu ikalia akiwa bado anacheka.

Alikuwa mamake, Mwongeli, mama wa kanisa, mtu wa mikesha na kufunga. Siku hiyo sauti yake haikuwa na kanisa hata kidogo. Mnaelewa, Debra, dadake Kamene, alikuwa amejifungua msichana, na nyumba ilikuwa imejaa furaha mpaka walipompa mtoto jina. Tangu hapo alikuwa analia. Analia akiwa macho, analia akiwa amelala. Ziwa hataki. Hospitali walimpima, wakasema hawaoni kitu. Sasa kilio kilikuwa kimeanza kupungua, na si kwa sababu ametulia. Alikuwa anaisha nguvu.

Jina lenyewe lilikuwa Munyiva, la nyanya yao marehemu, ambaye wao walimwita Susu kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao. Susu aliacha neno kabla ya kuondoka: msichana wa kwanza atakayezaliwa kwetu, mpeni jina langu. Na kwao jina la marehemu si pambo. Ni njia. Aliyekufa anaitwa kwa kichanga, anarudi, anapakatwa.

"Mtoto akilia hivyo, jina limemkataa," Mwongeli akanong'ona. "Kuna mtu amelichukua mbele yake. Kamene... kuna binamu yako amezaa kimya kimya?"

 Waithera alimwona Kamene kwenye kioo akibadilika rangi, na siku hizi anawasimulia watu kwamba hata kichwa chake kilipoa chini ya vidole.

Kwa sababu yule mchawi wa stoo, yule wa tangu Pasaka, Kamene alikuwa amemwita Munyiva.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta jina, leso ya Susu iko mabegani, jina likamjia. Akaliita. Na katika miaka yake yote ya kutunga, hajawahi kuitikiwa haraka namna ile. Akamfanya kikongwe anayekalia vifua vya watoto wachanga na kunywa pumzi yao, kwa sababu wanawake wa saluni wanapenda kutetemeka. Kisha akakwama. Akafunga komeo.

Na Susu wa kweli hakuwa hivyo jamani. Alikuwa mwanamke wa ugoro na kusuka viondo, mpole kama maziwa, anasokota mkonge kwenye paja lake mpaka paja likang'aa. Tena hakuwahi kumwita Kamene jina lake. Alimwita Kaveti, yaani kamama kadogo, kwa vile utotoni alitembea mikono nyuma kama mzee. Hata siku ya kukata roho, kinywa kimekauka, neno la mwisho lilikuwa Kaveti.

Kamene akainuka rasta za nyuma hazijakamilika. Alijua la kufanya. Aende nyumbani, amalize hadithi, amtoe bibi stoo, ili jina liwe huru na mtoto anyonye.

Alikuwa akiishi Muthangari, kule Lavington, nyumba ndogo ya uani nyuma ya jumba la mwenye mali, na hiyo stoo iko katikati. Wenye jumba walikuwa wamesafiri. Pale getini Mwololo mlinzi alikuwa ameweka redio sikioni, na alipomwona akamchekelea.

"Umetokea wapi? Nilidhani uko ndani."

"Ndani wapi?"

"Stoo. Nimesikia mtu anasokota kamba. Nikasema leo Kamene amewacha simu, anashona kiondo."

Angerudi. Wewe na mimi tungerudi. Lakini alikumbuka kilio kinachopungua, akapita.

Akachemsha chai. Akajitanda leso. Mlango wa stoo akauzuia kwa mkebe mzito wa rangi, ili usijifunge, akawasha taa, akaketi juu ya ndoo. Akafungua hadithi pale alipoiacha. Akataka kuandika kwamba komeo likafunguka...

Maneno hayakuja.

Akajaribu tena. Kidole kinagusa herufi, herufi zinatoka, lakini ni maneno makavu, kama ya fomu ya ofisini. Alijua kwa nini. Hajaita. Asipoita, hawezi. Alikuwa amejifunza hivyo mwenyewe, na sasa mazoea yake yalikuwa yamemshika shingo.

Akaishusha simu pajani.

"Munyiva," akaita.

Akasikiliza.

Mkebe wa rangi ukakwaruza sakafu. Taratibu... kama mtu anausukuma kwa mguu.

Mlango ukajifunga.

Na kwa nje, komeo. Kraak.

Taa ikazimika. Kamene akaurukia mlango, akaupiga kwa ngumi, akamwita Mwololo mpaka koo likapasuka. Mlango haukutikisika. Mbali kule getini redio ilikuwa inaimba kwaya, na Mwololo anaimba nayo. Akatazama simu. Hakuna mtandao. Si ndiyo sababu aliipenda ile stoo? Ndani yake hakuna mtu angemfikia.

Kuta zikawa karibu kuliko alivyozikumbuka. Akanyoosha mkono kulia, ukuta. Kushoto, ukuta. Hewa ikawa nzito, na ndani ya hewa hiyo kukapanda harufu. Kwanza ugoro. Kisha mkonge mbichi uliolowa maji.

Halafu sauti.

Swii... swii... swii...

Mkono mkavu juu ya paja kavu. Nyuma yake. Pale pale alipokuwa ameketi.

"Umekuja," sauti ikanong'ona.

Kamene hakugeuka. "Susu?"

"Umenifungia, Kamene."

Akaanza kulia. Akaomba msamaha, akaeleza kwamba ilikuwa hadithi tu, kwamba wanawake wa saluni hawamjui, kwamba hakumaanisha. Kule nyuma usokotaji haukukatika. Ulimwacha amalize maneno yake yote.

"Huku ndani hakuna hadithi," sauti ikasema. "Huku kuna giza tu. Andika mlango."

Akaandika. Safari hii maneno yalikuja yenyewe, yakamiminika, vidole haviyafikii. Komeo likafunguka. Bibi akasimama.

Swii ikakoma. Kitu kikasimama nyuma yake, viungo vikilia kama kuni zinazovunjwa.

"Andika ninaenda wapi."

Hapo Kamene akasita. Pumzi ilikuwa inamgusa shingo, mahali Waithera alipoacha nywele wazi, na ilikuwa pumzi baridi. Akamfikiria yule mtoto. Akafikiria Debra na maziwa yanayomwagika bure. Si Susu mwenyewe ndiye aliyelitaka jina? Akaandika kwamba bibi akaenda nyumbani kwa Debra.

"Andika mtoto ananipokea."

Akaandika.

"Andika ananyamaza."

Simu ilikuwa inakaribia kuzima. Akaandika upesi kwamba mtoto alinyamaza. Leso ikavutwa mabegani mwake, polepole, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayemvua mtoto nguo ili asimwamshe. Kisha kitu kikampita. Hakikuwa na joto wala uzito. Mlango ukafunguka.

Nje, anga la Lavington lilikuwa bado na wekundu kidogo. Chai aliyoiacha nje ya mlango ilikuwa bado inatoa mvuke. Kamene akajikokota mpaka katikati ya ua, akakaa chini kwenye nyasi, na simu ikapata mtandao, ikalia mara moja.

Mwongeli alikuwa anacheka na kulia pamoja. Amenyamaza, alisema. Hivi sasa tu, kama mtu amezima bomba. Amefumbua macho, anautazama mlango, hata hapepesi. Alishukuru Mungu, akashukuru wanamaombi wote kwa majina yao.

"Na ananyonya," akasema. "Ananyonya, Kamene, kama mtu aliyenyimwa tangu Pasaka. Hata Debra amepiga kelele."

Kamene akataka kufurahi. 

Kamene. Mamake alikuwa amemwita Kamene, kama kila mtu. Na ile sauti kule stoo nayo ilimwita nani?

Umenifungia, Kamene.

Jina hilo halikuwa kinywani mwa Susu. Hakuwahi kulitumia hata siku moja. Alimwita...

Swii... swii...

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na giza la kawaida, la mikebe na ndoo. Harufu ilikuwa ya ugoro, lakini hafifu sasa, ya mtu mzee aliyechoka, ya kanga ya kiunoni ambamo Kamene alikuwa akificha uso alipokuwa mdogo. Na kutoka kwenye kona ya mwisho, nyuma kabisa ya alipokuwa ameketi yule mwingine, kukatoka sauti ndogo.

"Kaveti."

Kamene akatambaa mpaka mlangoni.

"Kaveti... umemtoa nani?"

Kumbe aliita jina moja, wakaja wawili. Aliyemtunga na aliyemzika. Aliwafungia pamoja, gizani, tangu Pasaka, na mmoja wao alikuwa na njaa.

"Kamene? Uko?" mamake akauliza kwenye simu. Nyuma yake Debra alikuwa anamwambia mtu amsaidie kumbandua mtoto, kwa sauti ya kujaribu kutopiga mayowe.

La kufanya lilikuwa wazi. Aingie stoo, aketi, amwite Susu, amwandikie mlango wake, amtume akamwondoe yule kifuani pa Debra. Akasimama. Akashika ubao wa mlango kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Akajaza hewa kifuani, akafungua kinywa amwite...

Amwite nani?

Jina ni moja, na hata alipouliza Susu kule gizani, aliyeitikia ni yule mwingine. Akiliita, wataitika wote wawili, na yule mmoja huitika haraka.

Akabaki pale mlangoni, kinywa wazi, jina liko kwenye ncha ya ulimi. Huko ndani mkono ukaendelea kusokota, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja. Na kule kwenye simu mamake akakatiza maombi katikati.

"Ngoja," Mwongeli akanong'ona. "Mtoto ameacha ziwa. Amegeuza kichwa, kama mtu anayengoja kuitwa."