Simjui, Alisema Mama Pacha

Kila mwezi, kwenye ubao ulio nje ya geti la nyumba ile, hubandikwa karatasi yenye kichwa kimoja: Habari za Wafanyakazi. Wapita njia husimama kuisoma. Wanajua nani amejifungua, nani amemaliza mafunzo, nani anastaafu na nani ni mgeni kazini.

Nyumba yenyewe ni makazi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili. Wapo wanaojitegemea kwa mengi, na wapo wanaohitaji mkono wa mtu hata kufunga vifungo. Wahudumu huwasaidia kuoga, kula, kunywa dawa na kujifunza kazi ndogo ndogo.

Mwezi ule mgeni kazini alikuwa Mama Pacha. Muuguzi mkuu alimfuata jikoni akiwa na simu mkononi.

"Mama Pacha, geuka nikupige picha. Tunataka kukukaribisha ubaoni."

"Niache kwanza, dada. Picha zangu hazitoki vizuri."

"Hata yangu imetoka kama nimemeza ndimu, na bado iko pale."

Mama Pacha alicheka, lakini hakugeuka. Aliendelea kusuuza vikombe ambavyo vilikwisha suuzwa.

Ukweli ni kwamba kazi aliipenda. Alikuwa na mkono mwepesi na subira. Lakini nyumbani kwake ni mumewe tu, fundi viatu, aliyejua anafanya kazi wapi. Majirani aliwaambia yuko ofisi ya afya. Binti zake pacha aliwafundisha kusema hivyo hivyo shuleni. Jioni, kabla ya kutoka getini, alivua sare na kuikunja chini kabisa ya mkoba.

Aliyemtia hofu zaidi ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Siku moja walipita karibu na nyumba ile, wifi akavuka barabara.

"Hawa watu wana laana," alisema. "Na mwenye kifafa akikutemea mate, umekwisha. Mtu mwenye watoto hakai karibu nao."

Mama Pacha aliharakisha hatua. Asubuhi ile ile alikuwa amewasaidia watatu kupiga mswaki.

Kati ya wakazi wa nyumba ile alikuwepo mwanamume mmoja wa makamo. Aliishi pale muda mrefu kuliko wengine wote, ndiyo maana wote walimwita Kaka Mkubwa. Alizungumza taratibu, neno moja baada ya jingine. Kazi yake ilikuwa kukunja taulo. Taulo alizokunja zilikaa kabatini kama zimekatwa kwa rula. Alikuwa na kifafa, na kila asubuhi na jioni alikunywa dawa.

Jumamosi moja wifi alimwomba Mama Pacha amsindikize kununua vitambaa. Walipomaliza, wifi alisema ana kiu. Waliingia kwenye duka dogo lililo mtaa ule ule wa kazini. Mama Pacha alitaka kukataa, lakini angesema nini?

Kaka Mkubwa alikuwa ndani ya duka, peke yake. Alikuwa amejifunza kuja kununua sabuni yake mwenyewe. Alipogeuka na kumwona mhudumu wake, uso wake wote ulifunguka. Alinyoosha mkono.

"Mama Pacha," alisema.

Wifi aliuvuta mkoba wake kifuani. "Unamjua huyu?"

Mama Pacha alimwangalia mwenye duka. Aliangalia makopo kwenye rafu. Hakumwangalia Kaka Mkubwa.

"Simjui," alisema. "Labda amenifananisha."

Kaka Mkubwa alibaki na mkono wake hewani. Kisha aliushusha polepole, akautazama, akachukua sabuni yake na kutoka.

"Masikini, kichwa chake hakiko sawa," alisema wifi, na akaagiza soda. Mama Pacha alipewa ya kwake. Haikushuka.

Jumatatu asubuhi alimpelekea Kaka Mkubwa dawa na kikombe cha maji, kama kawaida. Kaka Mkubwa alisimama wima mbele yake, kama mtu anayepokea mgeni.

"Mimi ni Kaka Mkubwa," alisema. "Naishi hapa. Chumba changu kina pazia la kijani. Wewe nani?"

Mama Pacha alihisi masikio yake yakiwaka moto. "Kaka Mkubwa, mimi ni Mama Pacha. Unanijua."

"Mimi nakujua. Wewe hunijui. Umesema dukani."

"Basi tuyaache hayo. Kunywa dawa kwanza."

Alitikisa kichwa. "Muuguzi amesema, dawa usipokee kwa mtu asiyekujua."

Ilikuwa kweli. Muuguzi aliwafundisha wakazi wote hivyo, kwa usalama wao. Mama Pacha alibembeleza, akabembeleza tena. Kaka Mkubwa alifunga mdomo, akaenda kukunja taulo.

Angeweza kumwita muuguzi. Lakini muuguzi angeuliza, "Kwa nini leo amekataa?" Na hapo ingembidi aseme. Alizitia dawa kwenye mfuko wa sare, akajiambia atajaribu tena baadaye.

Muuguzi alipita ukumbini. "Wote wamekunywa dawa?"

"Ndiyo," alisema Mama Pacha.

Kabla ya chakula cha mchana, kishindo kilisikika chumba cha kufulia. Kaka Mkubwa alikuwa sakafuni. Mwili wake ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuona mtu.

Mama Pacha alifika wa kwanza. Tangu utotoni alisikia kwamba mwenye kifafa asipowekewa kitu mdomoni ataumeza ulimi wake. Alinyakua kijiko cha sabuni ya unga mezani na kupiga magoti.

"Weka kijiko chini," alisema muuguzi mlangoni. Hakupaza sauti. "Ulimi haumezwi. Kijiko kitamvunja meno au kitamziba pumzi. Sogeza hilo benchi asijigonge. Nipe taulo."

Muuguzi alimwekea taulo laini chini ya kichwa. Akafungua kifungo cha shingoni. Akamgeuza kwa upole alale ubavu, ili mate yatoke nje na pumzi ipite.

"Nimshike miguu?" aliuliza Mama Pacha.

"Usimshike kwa nguvu. Wacha ipite yenyewe. Wewe angalia saa. Ikizidi dakika tano, au ikiisha na kuanza tena kabla hajaamka, tunamkimbiza hospitali."

Mate ya Kaka Mkubwa yalidondoka kwenye mkono wa muuguzi. Muuguzi aliyafuta kwa pindo la taulo, kama mtu anayefuta maji.

Degedege lilikoma kabla ya dakika tano. Kaka Mkubwa alilala akipumua kwa nguvu, kisha kwa utulivu. Muuguzi hakuondoka. Kaka Mkubwa alipofumbua macho, muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini, "Uko nyumbani. Umepata kifafa, kimeisha. Niko hapa na wewe."

Alipoamka vizuri na kuweza kumeza, walimpeleka chumbani kwake. Walipotoka, muuguzi alifunga mlango, akamgeukia Mama Pacha.

"Miezi mingi hajaanguka. Asubuhi alikunywa dawa?"

Mama Pacha aliingiza mkono mfukoni, akazitoa. Hakuweza kuinua uso. Alisimulia yote: wifi, duka, mkono ule hewani, neno lile.

Muuguzi alizipokea dawa, akazihesabu.

"La dukani ni kosa," alisema. "Lakini uliponijibu 'ndiyo', ulihatarisha maisha ya mtu. Mkazi akikataa dawa, unaniambia papo hapo. Ana haki ya kukataa, na mimi nina wajibu wa kujua. Kuanzia leo hutagusa dawa mpaka ufundishwe upya."

"Sawa, dada."

"Na uwongo wa wifi yako ulioogopa kuufuta, nao tuuseme. Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kushikana mikono, si kwa kula pamoja. Ulemavu wa akili hauambukizi pia, wala si laana. Wewe unalijua hilo. Unaogopa wasiojua."

"Ndiyo."

"Mwombe radhi."

"Nitampelekea biskuti..."

"Biskuti za nini? Si mtoto yule. Ni mtu mzima, ana umri wa kaka yako. Kaa mbele yake. Tumia maneno machache. Sema ulichofanya, usizungukezunguke. Halafu nyamaza umsubiri. Jibu lake linachukua muda kufika, lakini linafika. Usimjibie."

Siku iliyofuata Mama Pacha alimkuta Kaka Mkubwa kwenye benchi la uani, juani. Aliomba kukaa. Akaruhusiwa.

"Kaka Mkubwa, dukani nilisema sikujui. Nilisema uwongo. Ninakujua."

Kimya. Mama Pacha alitaka kuongeza maneno. Alijizuia.

"Kwa nini?" aliuliza Kaka Mkubwa.

"Niliona haya. Mbele ya wifi yangu."

"Haya kwa sababu yangu?"

Angeweza kukwepa. "Ndiyo," alisema.

Kaka Mkubwa aliitazama mikunjo ya suruali yake. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nimechana nywele," alisema. "Nilivaa shati lenye kola."

Mama Pacha machozi yalimtoka bila kelele. Alikumbuka vizuri: nywele zile zilikuwa zimechanwa, na kola ilikuwa safi. Mtu yule alijitengeneza kwenda dukani kama mtu mwenye heshima zake, naye alimkana.

"Ulikuwa nadhifu," alisema. "Kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nisamehe."

"Dawa sichukui kwako," alisema Kaka Mkubwa.

"Sawa. Muuguzi atakupa."

Jioni ile hakuvua sare. Alipita nayo mtaani, mbele ya majirani, mabega yamempanda hadi masikioni. Hakuna aliyemrukia. Mmoja tu aliuliza, "Kumbe unafanya kazi kule?" Akajibu, "Ndiyo, ni mhudumu." Jirani akasema ana shangazi mwenye kifafa, akamwuliza kama ni kweli anusishwe kiatu akianguka. "Hapana," alisema Mama Pacha. "Mlaze ubavu, kaa naye, na ahudhurie kliniki." Walizungumza mpaka mboga zikaungua kwa jirani.

Nyumbani aliwaita binti zake.

"Niliwafundisha kusema mama yupo ofisini. Lile lilikuwa kosa langu."

"Sasa mwalimu akiuliza tusemeje?" aliuliza mmoja.

"Semeni mama anahudumia watu wenye ulemavu wa akili."

Baba Pacha alikuwa anashona soli ya kiatu. Hakuinua kichwa. "Mimi kutwa nashika viatu vya watu," alisema. "Wewe unashika watu wenyewe. Hata sikujua cha kuonea haya kilikuwa wapi."

Kwa wifi alikwenda mwenyewe. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule wa dukani ulimjua."

"Nilimjua. Ninamsaidia kila siku."

"Na mimi ukanidanganya."

"Nilikudanganya, wifi. Ila yeye nilimtendea vibaya zaidi."

Wifi alikasirika, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga kwa mdogo wake.

Mama Pacha alifundishwa upya habari ya dawa: kutazama jina na kipimo, kumwona mtu akimeza, kutoficha dawa kwenye chakula, kutoa taarifa mara mtu anapokataa. Kila asubuhi alimsalimu Kaka Mkubwa kwa jina lake. Walipokutana barabarani, Kaka Mkubwa akimwita, aliitika na kumpa mkono, awe na nani, awe wapi. Asipomwita, alimwacha na safari yake, kwa sababu si kila mtu hupenda kutambulishwa njiani.

Kaka Mkubwa hakuharakishwa na mtu. Asubuhi moja Kaka Mkubwa aliiacha foleni ya muuguzi, akaja mwenyewe mbele ya Mama Pacha na kufungua kiganja.

"Leo unipe wewe," alisema.

Muuguzi aliona, akaendelea na kazi yake. Tangu hapo Kaka Mkubwa hakukosa dozi, na degedege halikurudi. Mwezi ule Habari za Wafanyakazi zilimtaja Mama Pacha kuwa amemaliza mafunzo. Picha yake ilitoka vibaya kweli, jicho moja limefumba.

Jumapili moja, kwa hiari yake, Kaka Mkubwa alikubali kwenda kunywa chai kwa kina Mama Pacha. Alivaa shati lenye kola. Pacha walimwonyesha madaftari yao. Alikuwa amekwisha kaa sebuleni wifi alipobisha hodi. Alikuja kupatana na mdogo wake, hakujua kuna mgeni. Kurudi nyuma aliona vibaya. Alikaa kwenye kiti cha mbali, mkoba mapajani.

Mama Pacha alileta vikombe. Wifi alimtazama mgeni, kisha akamgeukia mwenyeji.

"Anatia sukari huyu?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe, wifi."

Wifi alikohoa kidogo. Aligeuza kiti chake. "Unatia sukari?"

Kaka Mkubwa alifikiri. Muda ulipita. Pacha mmoja alifungua mdomo amjibie, baba yake akamgusa bega. Wifi alianza kutazama sakafu, kisha dirisha.

"Kijiko kimoja," alisema Kaka Mkubwa. Akanyoosha mkono. "Mimi ni Kaka Mkubwa. Tulionana dukani. Wewe hujambo?"

Wifi aliutazama mkono ule. Damu ilimpanda usoni. Aliupokea, akasema sijambo kwa sauti ambayo karibu haikusikika, na akashindwa kuinua macho yake.

Mama Pacha aliijua haya ile. Hakumtetea wifi yake, wala hakumwongezea neno. Aliwamiminia chai wote wawili.