Neno Lisilopigiwa Kelele

Nisikilizeni, wake kwa waume, hasa ninyi mnaoitikia "eeh" kabla hamjasikia mlichoulizwa. Nitawaeleza habari za jirani zangu, na chumvi sitaongeza, maana mambo yenyewe yanatosha.

Hapa kwetu Baghdad, joto likizidi, watu tunalala juu ya paa. Paa langu na la fundi Shakir yametenganishwa na ukuta ambao hata kuku anauruka. Kila alfajiri mkewe, Wafiya, alitandika mkeka, akaleta chai, mkate wa moto na malai ya maziwa ya nyati wa kufugwa. Mume anakula, mke anammiminia chai. Ungewaona ungesema nyumba hii ina raha zake.

Kisha wanaanza kuzungumza, raha inaisha.

Fundi Shakir alikuwa mfua shaba sokoni tangu hajaota ndevu. Masinia, mabirika, masufuria ya harusi, nyundo kutwa nzima, duka kwa duka. Sokoni kwao uziwi ulikuwa kama sugu ya kiganja: alama ya ufundi. Mtu akija kazini na pamba masikioni, wanamcheka: "Karibu, bibi harusi! Nyundo zetu zisikuamshe?"

Kwanza masikio yalivuma tu. Halafu sauti nyembamba zikaanza kupotea. Sauti nene za wanaume alizipata kiasi, ya mkewe hakuipata. Basi akaona kosa ni la mkewe.

"Mbona unamung'unya maneno kama una tende mdomoni?"

"Simung'unyi, Baba Shahla. Ni masikio yako."

"Nini?"

"MASIKIO!"

"Masikio yangu mazima! Mbona wenzangu sokoni nawasikia?"

Wenzake sokoni, jamani! Wale wote huzungumza kwa kupiga kelele. Na watu wa mtaani nao wakasema huyu anajifanya tu, taja chakula uone kama hatasikia. Waongo. Chakula alikuwa anakiona kinakuja.

Binti yao Shahla, aliyeolewa Mosul, alikuja akampeleka kupimwa. Daktari akasema kelele zimeharibu sikio kwa ndani, na kilichoharibika hakirudi, lakini kifaa cha kusikia kitamsaidia. Shahla akamnunulia. Fundi akakivaa sokoni siku moja.

"Haya, fundi kavaa redio sikioni!" wakamtania. "Tupe taarifa ya habari, bwana!"

Alirudi nyumbani amenuna, akakitia kabatini chini ya nguo za baridi. Shahla alimsihi mpaka akachoka, akarudi kwa mumewe.

Wafiya akabaki na kazi ya kupiga kelele. Unga ukiisha nyumbani kwao, mtaa mzima tunajua. Fundi alipougua bawasiri, hata muuza barafu alimpa pole. Tulicheka sana. Wafiya hakucheka.

Sasa angalieni. Mwaka ule Wafiya alijigusa titi akakuta uvimbe mgumu. Jambo kama hilo mwanamke wa kwetu humwambia mumewe kwanza, tena kwa sauti ya chini. Kwa mume huyu sauti ya chini haikuwepo. Kuandika hakujua. Binti yuko mbali, hakutaka kumtia hofu kwenye simu. Akangoja alfajiri.

Mimi nilikuwa upande wangu nakunja matandiko. Niliona midomo yake ikicheza.

"Nini?" akauliza fundi. "Sema kwa nguvu, mwanamke!"

Wafiya akatazama paa langu, akatazama paa la nyuma yao. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akauweka kifuani, juu ya nguo, akaukandamiza.

Fundi akacheka. "Huna haja ya kuapa, Mama Shahla! Nakuamini!"

Akamaliza chai yake akaenda kazini. Hata mimi nilidhani ni kiapo.

Hakujaribu tena. Alinieleza mwenyewe baadaye, hospitalini, kwamba aliona aibu kuutangazia mtaa mzima titi lake. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka tulivyokuwa tukicheka.

Shahla alikuja kwa Idi. Alipomkumbatia mamake, mama akaguta kwa maumivu, na siri ikatoka. Daktari aliuliza swali moja tu: "Mama, mbona umechelewa hivi?" Ilikuwa saratani, nayo imeshafika kwenye mifupa.

Aliposimuliwa na mamake habari ya alfajiri ile, Shahla alikwenda nyumbani, akapekua kabati, akarudi na kile kifaa. Akamwekea babake kiganjani, pale kwenye ujia wa hospitali.

"ALIKUAMBIA, BABA!" Watu wote wakageuka. "ALIKUAMBIA WEWE KWANZA!"

Fundi alikivaa, kikapiga mluzi, kikatulia. Tukaingia wodini. Vitanda vimebanana, wagonjwa na wageni wao kila upande. Wafiya akavuta pumzi apige kelele kama alivyozoea. Mumewe akamwekea kidole mdomoni.

"Polepole, mke wangu. Nakusikia."

Wafiya akamtazama kama hamjui. Akacheka, machozi yakamtoka. Kisha akamwambia aliyotaka kumwambia, na fundi akawa anaitikia kwa kichwa, analia. Mimi nilikaa miguuni pa kitanda, mimi niliyesikia mambo yao yote miaka na miaka. Sikusikia hata neno moja.

Wafiya alifariki kabla tende hazijaiva.

FUNZO

Ndugu zangu, masikio yakianza kuvuma, au ukiona kila mtu anamung'unya, nenda ukapimwe. Wanaofanya kazi penye kelele wazibe masikio kwa vizibo vya kuzuia kelele, tena tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikio likishaharibika hivyo haliponi. Ninyi mnaomtania mwenye kifaa, tafuteni mchezo mwingine. Na anayesikia kwa shida, mkabili uso kwa uso, zungumza taratibu, usimwite mkaidi.

Uziwi wa fundi haukumuua mkewe. Maradhi ndiyo yaliyomuua. Lakini dawa ingeweza kuanza mapema, na kile kifaa kilikuwa ndani ya nyumba wakati wote, chini ya nguo za baridi.